Sikio la Dhegdheer: Hadithi ya Ajabu Baina ya Kinywa, Kitabu na Filamu

Mwaka 1984 ilitolewa filamu iliyotokana na kitabu cha mwandishi wa Kijerumani, Michael Ende, kiitwacho Die unendliche Geschichte, yaani Hadithi Isiyo na Mwisho, kilichochapishwa mwaka 1979. Filamu hiyo iliongozwa na Wolfgang Petersen, nayo ilipendwa na watoto wa nchi nyingi. Miongoni mwa walioichukia alikuwa Ende mwenyewe. Alitaka ama isitishwe ama ibadilishwe jina. Akaenda mahakamani, akashindwa. Alilopata ni kuondolewa jina lake mwanzoni mwa picha. Hata leo waliokianza kitabu na walioianza filamu hawajapatana.

Ni rahisi kudhani kwamba ugomvi wa namna hii ni wa mambo madogo. Joka la bahati, ambalo kitabuni lina kichwa mfano wa simba na magamba yang'aayo kama lulu, filamuni limekuwa na manyoya na uso wa mbwa mpole. Msomaji alalamikaye juu ya uso wa joka huchekwa. Lakini liko jambo zito zaidi. Filamu ilichukua takriban nusu ya kwanza tu ya kitabu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye kiini: mtoto Bastian, akiisha kuingia katika nchi ya ajabu, hupewa kila atakacho, na kila atakacho humtoza kumbukumbu moja, hata akalisahau jina lake. Filamu yaishia pale ambapo mtoto apata atakacho na kufurahi. Kitabu kilisema kwamba matakwa yana gharama. Filamu ikasema hayana. Hapa hatuna tena tofauti ya sura ya joka, tuna hadithi mbili zenye hukumu zipinganazo.

Makala haya hayakusudii kuihukumu upya kesi ya Ende. Yanakusudia kuuliza ni kitu gani hasa kinachogombewa pindi hadithi ya ajabu ipendwayo inapofanywa picha, na kulichungua swali hilo mahali ambapo hadithi kama hizo zilikuwa vinywani kabla ya kuwa vitabuni: Garissa, na eneo lote lililokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya, ambalo tangu 2013 ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera.

Hadithi tutakayoitumia ni ile ya Dhegdheer. Wasomaji wa jarida hili wasioijua na watosheke na muhtasari. Dhegdheer ni mwanamke mla watu. Ana mbio zisizoshindika, na ana sikio refu linalomwezesha kusikia nyayo za wapita njia kutoka mbali. Katika baadhi ya masimulizi yuko binti yake asiyefanana naye kwa tabia, ambaye huwaficha mama mjane na mwanawe waliopotelea katika bonde la mlaji huyo. Mwishowe Dhegdheer hufa, na Wasomali wana msemo usemao kwamba kufa kwake ndiko kulikoiletea nchi amani. Wengine huongeza kwamba ndiko kulikoiletea mvua. Akina mama wameitumia hadithi hii vizazi kwa vizazi kuwatisha watoto wasitangetange usiku, nao watoto wameipenda kwa sababu iyo hiyo.

Tulitazame jina kwanza. Katika Kisomali dheg ni sikio, na dheer ni refu. Jina halisemi ni sikio moja au mawili, wala halisemi urefu wake. Fanani mmoja hulionyesha kwa mkono wake kutoka utosini hadi begani. Mwingine hanyoshi mkono kabisa, huinamisha sauti tu. Mfasiri wa Kiswahili tayari yumo taabuni, kwani ngeli zetu zamlazimisha kuchagua baina ya Sikio-refu na Masikio-marefu, na akiisha kuchagua amekwisha mchora nusu ya huyo zimwi. Mtengenezaji wa filamu amelazimishwa zaidi. Yeye ahitaji kipimo, na rangi, na namna sikio linavyotikisika mwanamke akikimbia. Kila mtoto wa Garissa aliyelala akimwogopa Dhegdheer alikuwa na sikio lake. Filamu yaja na sikio moja kwa wote.

Hii ndiyo hasara ya kwanza, nayo wapenzi wa kila kitabu cha ajabu huihisi hata wasipoweza kuieleza. Riwaya ya maisha ya kawaida haina shida hiyo kwa kiwango hiki. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, iligeuzwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na mtu aweza kubishana kama kisa kimefupishwa mno. Lakini Unguja ya miaka ya 1950 ilikuwapo, na picha zake zipo, na msomaji na mtazamaji waweza kuelekezana kwenye kitu kilicho nje ya wote wawili. Dhegdheer hana picha ya kuelekezana. Kipimo chake kilikuwa hofu ya msikilizaji.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba hadithi ya mdomo haiwezi kuvumilia mabadiliko. Kinyume chake ndicho kweli. Msomaji wa kitabu ana matini moja, naye huilinda. Hadhira ya fanani haina matini moja: imemsikia nyanya akisimulia hivi na jirani akisimulia vile, na hakuna aliyeshtakiwa. Ingetazamiwa basi kwamba watu waliolelewa na masimulizi watakuwa wapole zaidi mbele ya filamu kuliko wasomaji wa Ende. Naona si hivyo, na sababu yake yafaa kuelezwa. Fanani anapobadili, hubadili mbele ya macho ya watu, na mtoto aweza kumkatiza: "Lakini jana ulisema binti aliwaficha!" Fanani atajibu, au atacheka, au atairudisha hadithi mahali pake. Filamu haikatiziki. Hubadili mara moja, kwa wote, na kesho yasema neno lile lile. Kwa hiyo yule aliyezoea uhuru wa masimulizi ndiye atakayehisi zaidi kwamba amenyang'anywa zamu yake ya kusema.

Tena kuna mambo ambayo hata fanani huru hayagusi. Katika Dhegdheer anaweza kuongeza mbio, kupunguza watoto, kubadili bonde. Kuna machache asiyoyaacha: sikio, mama na mtoto wanaokimbia pamoja, na hali ya nchi kabla na baada ya kifo. Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopea zaidi. Mtengenezaji wa filamu za kutisha aweza kuona hali ya nchi ni mandhari tu, akaiweka au akaiacha kama apendavyo mpiga picha. Kwa watu wa Garissa na Wajir haiwi mandhari. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kwa wingi. Na mwaka 2011 njaa iliwafukuza makumi ya maelfu ya watu kutoka Somalia hadi kambi za Dadaab, na katika njia hiyo mama aliyekimbia na mtoto nyikani hakuwa mhusika wa ngano. Hadithi ya mla watu katika nchi kavu husema jambo juu ya njaa na yale ambayo njaa huweza kumfanya mwanadamu. Ikiondolewa ukame, abaki bibi mwenye sikio akimbizaye watu, na wa namna hiyo sinema za dunia zimejaa.

Itakumbukwa kwamba Kenya tayari ina mfano wake wa hadithi ya ajabu iliyovushwa. Mto Tana upitao Garissa humwaga maji yake baharini karibu na Kipini, katika nchi ya Fumo Liyongo, shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, ambaye mwanawe alimdunga, naye akafa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Kithaka wa Mberia aliuchukua mfano huo katika tamthilia yake Kifo Kisimani ya mwaka 2001, ambayo iliwahi kuwa kitabu teule cha shule za sekondari nchini, Garissa zikiwamo. Muuaji hakuwa mwana tena bali ndugu, na jitu lenye nguvu za ajabu likawa mwanasiasa mpinzani wa mtawala dhalimu. Mwalimu aliyeupenda utenzi wa Liyongo aweza kunung'unika kwamba ajabu imepungua. Mimi naona mabadiliko hayo yalikuwa ya haki, kwa kuwa mwandishi aliandika jina jipya juu ya kazi mpya na hakumwita shujaa wake Liyongo. Ende angeridhika na kiasi hicho. Ndicho alichokiomba mahakamani.

Suala la jina laturudisha kwenye mfano mwingine, ambao wanafunzi wa Kiafrika hawana budi kuujua. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, katika A Wizard of Earthsea ya mwaka 1968, alimfanya mchawi wake kijana kuwa mtu wa rangi ya maji ya kunde, na rafiki yake mkubwa kuwa mweusi. Alifanya hivyo kwa makusudi, katika aina ya fasihi ambayo mashujaa wake karibu wote walikuwa weupe. Televisheni ya Marekani ilipokitoa kisa hicho mwaka 2004, mchawi akawa mzungu. Le Guin aliandika waziwazi kulikataa jambo hilo. Miaka miwili baadaye Goro Miyazaki wa Japani alitengeneza filamu ya katuni kutokana na vitabu hivyo hivyo, nayo pia ilikwenda mbali na vitabu. Hiyo mwandishi aliilaumu kwa upole zaidi, akimwambia mtengenezaji kwamba filamu ni yake yeye Miyazaki na si kitabu chake Le Guin. Wapenzi wa Earthsea walivumilia kisa kupindwa kuliko walivyovumilia ngozi kubadilishwa. Asemaye kwamba wapenzi wa vitabu hugombania kila kitu sawasawa na aufikirie mfano huu.

Kwa Dhegdheer, jambo lenye uzito wa ngozi ile ni lugha. Atasema lugha gani katika filamu? Swali hili halikuwapo kitabuni. Mwaka 2007, katika jimbo la Minnesota, ambako Wasomali wengi waliopitia kambi za Kenya wamehamia, kilichapishwa kitabu cha picha cha Dhegdheer, kilichoandikwa na Marian A. Hassan na kuchorwa na Betsy Bowen, Kisomali na Kiingereza vikiwa ukurasa mmoja. Jicho la msomaji huchagua. Sikio la mtazamaji halichagui. Kisomali kilipata mwandiko wake rasmi wa Kilatini mwaka 1972, lakini upande wa pili wa mpaka. Vijana wengi wa Garissa hujifunza kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza, na huijua Dhegdheer kwa lugha ambayo hawajazoea kuiona imeandikwa. Kati yao wako wasemao Kimaay, kilicho mbali na Kisomali cha redio. Pembezoni mwa mto wako Waorma, Wamunyoyaya, Wapokomo, na Wailwana ambao Kibantu chao kimepokea mengi kutoka Kiorma, hata wanaisimu wakakifanyia utafiti kwa sababu hiyo. Kumpa Dhegdheer Kisomali sanifu tu kutawafurahisha wengine na kuwaacha wengine wakimsikia zimwi wao akiongea kama mtangazaji.

Filamu ya Kiswahili nayo ina hatari yake, nayo si ile itajwayo kwa kawaida. Husemwa kwamba Kiswahili cha Garissa ni cha shule na ofisi. Kama ndivyo, basi zimwi asemaye Kiswahili atasikika kama karani wa serikali, jambo ambalo katika eneo lililotawaliwa kwa amri za hali ya hatari kwa miaka mingi baada ya uhuru laweza kuwa la kutisha kuliko mtengenezaji alivyokusudia.

Hata hivyo Afrika Mashariki imekwisha vumbua njia ambayo wasomi wameidharau. Dar es Salaam marehemu Lufufu, na nchini Kenya DJ Afro, walizichukua filamu za kigeni wakasimulia juu yake kwa Kiswahili: wakieleza, wakitania, wakiwapa wahusika majina mapya, wakimwonya shujaa asifungue mlango. Wanafilamu waliosomea kazi hiyo huona ni uharibifu. Mimi naona ni fanani amerudi kuketi baina ya picha na hadhira. Kwa njia hiyo Dhegdheer mmoja wa kwenye pazia aweza kuwa na wasimulizi kumi, mmoja wa Kimaay, mmoja wa Kiorma, mmoja wa Kiswahili cha sokoni, na mtoto aliyenyang'anywa zamu ya kukatiza akairudishiwa.

Na kwa yule atakayeitengeneza picha hiyo, ushauri wa mtu wa lugha ni mmoja. Asianze na sura. Jina lenyewe limeonyesha kwamba huyu ni mwanamke wa kusikia. Usiku wa Kaskazini Mashariki una kengele ya mti shingoni mwa ngamia, upepo katika miiba, fisi, na mtoto akizuiwa asilie. Mtazamaji na asikie yote hayo kama yeye alivyoyasikia, kwa ukubwa ule, kabla ya kuonyeshwa sikio.