CHAMA BILA DAFTARI NI NDIVA ILIYOTOBOKA

Siku hizi ni shida kuona kata katika nchi yetu isiyokuwa na chama cha hiari. Viko vyama vya watumia maji, vikundi vya akina mama, vyama vya kufa na kuzikana, na mashirika yasiyo ya kiserikali yenye ofisi na mihuri. Shabaha yao ni moja, nayo ni kuwatumikia watu pasipo kumgawia mtu faida. Shabaha hiyo ni njema, nasi twaisifu. Lakini twajua pia kwamba vyama vingi huzaliwa kwa shangwe na hufa kimya kimya. Ukichunguza chanzo cha kifo chao, mara nyingi utakuta fedha zilikuwapo na watu walikuwapo. Kilichokosekana ni uendeshaji mwema.

Kwa ajili hiyo twapenda leo kuwaelekeza wasomaji wetu kwenye milima ya Upare, wilayani Same, ilipo Mhezi na kata nyingine za mlimani. Wapare wanayo shule ya uendeshaji wa vyama iliyo kongwe kuliko utawala wa kikoloni. Shule hiyo ni ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa kwa mikono ya watu. Kijito kikiwa chembamba, maji yake hayafiki shamba la mbali, maana hunywewa na ardhi njiani. Basi huachwa yakusanyike ndivani usiku kucha. Kukicha tundu hufunguliwa, maji yakashuka mferejini kwa nguvu mpaka kwa mwenye zamu. Kuzoa matope na kutengeneza mifereji ni kazi ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya jamii nzima, na asiyefika pasipo udhuru hutozwa faini.

Tuangalie hekima iliyomo humo. Anayefungua tundu anajulikana, na watu wote wanajua kwamba maji si mali yake. Zamu nazo zinajulikana. Akimfungulia rafiki yake nje ya zamu, jirani ataona shamba lake limekauka, naye atauliza siku ile ile. Fedha za chama hazionekani kwa macho kama maji, na hapo ndipo ilipo hatari. Kazi ya katiba, daftari na mkutano ni kuzifanya fedha hizo zionekane kama maji ya ndiva. Basi twashauri mambo matano.

Kwanza, chama kiwe na katiba fupi inayoeleweka na kila mwanachama. Ieleze shabaha ya chama, nani anaweza kujiunga, viongozi huchaguliwaje, hukaa madarakani miaka mingapi, na huondolewaje. Katiba iliyofungiwa kabatini kwa Katibu haimsaidii mtu. Isomwe mkutanoni, na nakala yake ikae mahali ambapo yeyote aweza kuiona.

Pili, kazi zigawanywe. Mwenye kuidhinisha malipo asiwe ndiye anayeshika fedha, na anayeshika fedha asiwe ndiye anayekagua hesabu. Benki iwe na watia saini zaidi ya mmoja, tena wasiwe mtu na mkewe au mtu na nduguye. Mpango huu haumtukani kiongozi. Humlinda, kwa kuwa siku fedha zikipungua, mwaminifu aweza kuonyesha mikono yake.

Tatu, kila senti iandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ikiingia, itolewe stakabadhi. Ikitoka, iwe na hati ya malipo. Na yote yaandikwe siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi kwa kukumbuka. Michango ipelekwe benki kwanza kabla ya kutumiwa. Chama kinacholipa nauli na chai kutoka katika michango iliyo mfukoni mwa Mweka Hazina kimekwisha toboka, hata kama bado hakijakauka.

Nne, mkutano mkuu ufanyike kwa wakati uliowekwa, na mapato na matumizi yasomwe kwa sauti. Muhtasari uandikwe, na mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza yaliyoamuliwa yametekelezwa au la. Faini iwe moja kwa wote. Msaragambo ungekufa zamani kama mwenye cheo angesamehewa na mjane akatozwa.

Tano, tusikabidhi uhai wa chama mikononi mwa wafadhili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mpango wa kuboresha umwagiliaji wa asili, ulioitwa TIP, ulianza kwa msaada wa Uholanzi, na ndiva kadhaa za Upare zikakarabatiwa. Msaada wa namna hiyo ni wa kushukuriwa. Lakini saruji ikipasuka, mfadhili huwa amekwisha rudi kwao. Matope huzolewa na wale wale wanaoyanywesha mashamba yao. Chama kiwe na mfuko wake wa matengenezo, hata ukiwa mdogo, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Mambo haya hayategemei hiari yetu peke yake. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inalitaka kila shirika liandae kila mwaka taarifa ya kazi zake na taarifa ya ukaguzi wa hesabu. Vyama vya watumia maji navyo vinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009. Lakini Msajili yuko mbali, na karatasi aliyopelekewa yaweza kuwa safi huku kisanduku kikiwa kitupu. Mlinzi aliye karibu ni mwanachama.

Hapa twasema nanyi, ndugu wafanyakazi na wanachama. Wengi wetu hutoa ada kwa moyo, kisha huona haya kuuliza imekwenda wapi, tukidhani kwamba kuuliza ni kumshuku mwenzetu. Mkulima wa mlimani haoni haya kuuliza habari za maji, maana asipouliza watoto wake watalala na njaa. Fedha za chama cha kuzikana ni sanda ya mtu, na fedha za kikundi cha akina mama ni karo ya mtoto. Katika mkutano ujao, kila mmoja wetu aombe daftari lifunguliwe na alisome. Kiongozi mwema atalifungua kwa furaha. Na yule atakayekasirika atakuwa amekwisha kutujibu.