Mshahara Mmoja Kando ya Daraja la Rusizi

Mfanyakazi wa Kigali mwenye watoto, anayetegemea mshahara mmoja, akipata uhamisho kwenda Rusizi, Cyangugu ya zamani, hushika kichwa. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200, kukatiza msitu wa Nyungwe. Sisi twamwambia asikatae upesi, wala asikubali kwa ajili ya unafuu wa kodi ya nyumba peke yake.

Hapo Kamembe, penye soko na maduka, chakula ki karibu. Mchele hulimwa bonde la Bugarama. Sambaza huvuliwa Ziwa Kivu usiku, nao, kwa maoni yetu, ni kitoweo kisicho na mpinzani. Lakini bidhaa zitokazo Kigali huja na gharama ya barabara ile ndefu.

Jambo kubwa zaidi ni Bukavu, ng'ambo ya mto, mji unaoizidi Kamembe kwa wingi wa watu. Mama avukaye daraja asubuhi na beseni la nyanya, akarudi jioni na chochote, ameuongezea mshahara wa mumewe. Hata hivyo, mipaka ilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, beseni lilikosa safari. Na tangu Bukavu itwaliwe na waasi wa M23, Februari 2025, benki za huko zikafunga milango, na mnunuzi akawa na shida zake.

Basi ndugu huyu apige hesabu mara mbili: daraja likiwa wazi, na likiwa limefungwa. Hesabu ya pili ikitosha kodi, mchele na ada ya shule, na akodi lori.