Kabla ya Rangi, Tazama Mlango

Desemba ikikaribia, makanisa, vyama vya akina mama na wafanyakazi wa kampuni mbalimbali za Nairobi huchanga pesa, hununua rangi na kwenda kupendezesha makao ya watoto. Ukarimu huu ni wa kale jijini. Kituo cha wavulana cha Starehe chenyewe kilianza mwaka 1959 kwa vibanda viwili vya mabati vilivyofadhiliwa na kampuni za Shell na BP, na humo Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakawapokea wavulana wasiokuwa na pa kulala. Haja bado ipo: hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi.

Lakini makao ya dharura hayahitaji rangi kwanza. Mwanafunzi wa bweni huijua njia ya mlangoni hata gizani, kwa kuwa ameipita kila siku. Kijana aliyeokotwa Muthurwa usiku wa manane, au msichana aliyekimbia kipigo Kawangware, analala katika jengo asilolijua kabisa. Huenda bado ana gamu kichwani, huenda hajalala siku mbili. Moto ukizuka, hana kumbukumbu ya kumwongoza. Jengo ndilo linalopaswa kumwongoza.

Kwa hiyo ukarabati uanzie mlangoni. Septemba 2017 bweni la shule ya Moi Girls, karibu na Kibra, liliungua na wasichana 10 wakafa. Wakati huo mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 ulikuwa umekwisha kusema wazi: mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje, pawe na mlango kila upande na wa dharura katikati, madirisha yasiwe na grili, na kitanda hadi kitanda pawe na mita 1.2. Uliandikiwa shule, lakini sioni sababu ya mtoto wa makao kupewa kiwango cha chini ya hicho. Wasimamizi wengi huweka grili na kufuli kwa kuhofia wezi, au kwa kuhofia watoto kutoroka. Nawaelewa, ila kufuli haliwezi kufanya kazi ya mlezi wa zamu anayekesha. Mshahara wake nao ni mchango wa kuombwa, ingawa haupigwi picha.

Baada ya mlango ni stima. Jengo la zamani lililoongezewa soketi moja baada ya nyingine kwa waya mwembamba ni hatari, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, si ya kijana wa kujitolea mwenye bisibisi. Paa la asbesto, ambalo bado lipo kwenye majengo ya miaka mingi, lisiguswe na wahisani hata kidogo: likivunjwa hutoa vumbi linaloharibu mapafu, na taka zake husimamiwa kwa masharti ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Na yeyote anayependekeza kupandisha ghorofa juu ya jengo lililopo akumbuke Ng'ando, Dagoretti, Septemba 2019, madarasa ya shule ya Precious Talent yalipowaporomokea watoto. Mhandisi aje kabla ya saruji.

Maji na nafasi hupimika. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, na mita za mraba 3.5 za kulala kwa kila mtu. Tangi la lita 5,000 basi litawatosha watoto 30 kwa siku 11 mifereji ikikauka, jambo ambalo wakazi wa Kangemi na Uthiru hawahitaji kuelezwa. Chumba cha mita 6 kwa 7 ni cha watoto 12. Ukiwalaza 24 kwa vitanda vya ghorofa, umeongeza idadi, hujaongeza makao.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wahisani wengi. Wao hupenda kuongeza vitanda. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto waondolewe katika taasisi na kurudishwa kwenye familia, zao wenyewe au za kulea, na ni sahihi. Vitanda 20 vipya vitajaa, na vikijaa hakuna atakayekuwa na haraka ya kumtafuta shangazi ya mtoto huko Murang'a. Afadhali chumba kimoja chenye mlango unaofungika, ambamo afisa wa ustawi ataongea na mtoto bila kusikika na kuketi na jamaa zake, pamoja na nauli ya kwenda kuwatafuta.

Kwa hiyo kabla ya kuchanga, omba kuona cheti cha usajili, ripoti ya mhandisi na makadirio ya fundi. Tuma pesa kwenye Paybill ya taasisi, si simu ya mtu. Welda wa Kangemi anayegeuza mlango ufunguke kwa nje ametoa mchango mkubwa kuliko ndoo kumi za rangi. Usiwapige watoto picha. Na ukimkuta mtoto hatarini usiku huu, piga 116: ni bure, na hupokewa saa 24.