Sikio Likivimba, Tazama Ndewe

Mtu wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, akivimba sikio, likauma asiweze kulilalia, kituo cha afya kitampa antibayotiki, na aghalabu zitamfaa. Shida ni pale dawa isiposaidia, uvimbe ukaisha wenyewe, kisha baada ya wiki kadhaa ukazuka sikio la pili. Hapo ifikiriwe polikondraitisi ya kurudiarudia, ugonjwa adimu ambao kinga ya mwili huishambulia gegedu, ule mfupa laini unaolipa sikio umbo, unaoinua pua na kuiacha wazi njia ya hewa.

Ndewe, pale panapotobolewa herini, haina gegedu. Ni ngozi na mafuta tu. Bakteria huweza kuvimbisha sikio zima, ndewe ikiwemo. Polikondraitisi huiruka. Ukoma, ambao kama polikondraitisi huangusha mwamba wa pua, mara nyingi huinenepesha ndewe. Vitabu husema pia sikio huwa jekundu. Waandishi walizoea ngozi nyeupe. Kwetu ni afadhali kupapasa joto kwa kidole.

Daktari Rudolf Jaksch-Wartenhorst aliueleza ugonjwa huu wa gegedu mwaka 1923, kwa mgonjwa aliyekuwa mpika bia. Hadi leo hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha peke yake. Mwaka 1976 daktari McAdam na wenzake walitaja dalili sita: uvimbe wa masikio yote mawili, wa pua, wa macho, wa viungo, wa njia ya hewa, na kupungua kwa kusikia au kizunguzungu. Walitaka angalau tatu, pamoja na kipande cha gegedu kupimwa kwa hadubini. Mwaka 1979 madaktari Damiani na Levine walilegeza: gegedu zilizovimba za sehemu mbili zikitulia kwa steroidi au dapsoni, yatosha. Naupenda uamuzi huo. Hospitali isiyo na mtaalamu wa hadubini nayo ikapata njia.

Dapsoni ni dawa ya ukoma, na hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, imewatunza wenye ukoma miaka mingi, hivyo si ngeni kwetu. Ila West Nile, eneo letu hili, ni nchi ya malaria, na katika nchi kama hizo wengi wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD; kwao dapsoni huvunja chembe nyekundu za damu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, dawa isimamishwe na mgonjwa arudi hospitali.

Predinisoloni, ambayo ni steroidi, ndiyo hutumika zaidi. Ni ya bei nafuu, na hutuliza haraka, lakini ikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Wala haikatizwi ghafla. Ndiyo maana madaktari huongeza methotrekseti, ili kipimo cha steroidi kipungue polepole.

Cha kuogopwa zaidi ni njia ya hewa. Mwenye masikio ya namna hii sauti ikikwaruza, au akianza kukoroma akivuta pumzi, asipewe dawa ya pumu akarudishwa nyumbani. Apelekwe hospitali ya rufaa ya Arua siku hiyohiyo.