Njiwa wa Simenti

Siku moja mimi na mwanangu tuliazimu kupamba bustani yetu kwa njiwa wa simenti. Tulifinyanga, tukatengeneza kalibu, tukamimina. Kesho yake nikafungua kwa pupa, maana wageni walikuwa wakija, nikamwanika njiwa juani. Siku ya tatu mtoto alipomwinua, shingo ilikatika. Akauliza huku machozi yakimlenga: «Baba, nimemvunja?» Nikajibu: «Hapana, mwanangu. Aliyemvunja ni mimi.»

Kazi ya kalibu si ngeni kwetu. Karne nyingi zilizopita, mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba, wakaimimina katika kalibu, wakapata misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Basi, yafaa nasi tuijue vizuri.

Kwanza, finyanga mfano kwa udongo wa mfinyanzi. Usiwe na sehemu zinazojipinda kwa ndani, maana sanamu itanaswa katika kalibu. Lainisha vyema: hata alama ya kidole itaonekana.

Pili, zungusha ukuta mwembamba wa udongo katikati ya mfano, toka kichwani hata chini. Koroga jasi, ule unga mweupe wanaofungia mifupa iliyovunjika hospitalini, uimimine upande mmoja. Ikishika, ondoa ukuta, chimba vishimo viwili ukingoni ili nusu zote mbili zikutane sawasawa, paka sabuni, kisha mimina upande wa pili. Chini acha tundu la kumiminia. Ondoa udongo, kausha kalibu, ipake mafuta ndani, uifunge kwa kamba.

Tatu, changanya kipimo kimoja cha simenti na vitatu vya mchanga safi uliochekechwa. Mchanga wenye udongo hudhoofisha, na maji mengi vilevile. Mchanganyiko uwe kama uji mzito. Gongagonga kalibu ili mapovu ya hewa yatoke. Simenti mbichi huunguza ngozi. Kwa hiyo mtoto asiishike kwa mikono mitupu.

Mahali pembamba, kama shingo, tia waya wa chuma. Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alitia wavu wa chuma ndani ya vyungu vyake vikubwa vya maua ili viwe imara, na mwaka 1867 akapata hati ya uvumbuzi. Leo madaraja na nyumba za ghorofa hujengwa kwa kuunganisha simenti na chuma namna hiyo.

Sasa kosa langu. Nilidhani simenti hukomaa kwa kukauka. Sivyo! Hukomaa kwa kushikana na maji. Ukiianika juani, maji hutoroka kabla kazi yake haijaisha, nayo sanamu hubaki dhaifu. Iache katika kalibu siku mbili, kivulini, chini ya magunia yenye maji. Ukiitoa, iloweshe kila siku kwa muda wa siku saba. Wajenzi hungoja siku 28 ndipo wapime nguvu ya simenti.

Njiwa wetu wa pili tulimngoja mwezi mzima. Mvua nyingi zimempiga, naye angali amesimama. Wazazi, fanyeni kazi na watoto wenu. Na mkikosea, msiwatwike wao kosa lenu. Moyo wa mtoto nao ni simenti mbichi.