Mila za Watu wa Debian: Kulea Programu Uliyoikuta

Jamii ya Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, haina eneo lake kwenye ramani. Watu wake wako Ujerumani, Brazili, India, Marekani, Afrika Kusini na kwingineko, na wengi hujitolea baada ya kutoka kazini. Hata hivyo wana asili wanayoisimulia, mkataba wanaoulinda, namna ya kumpokea mgeni na namna ya kumtunza yatima. Kazi yao ni kuchukua programu huria zilizoandikwa na wengine, kuzifunga katika vifurushi, na kuhakikisha vyote vinakaa kwa amani ndani ya kompyuta moja. Toleo lililotoka Agosti 2025 lina vifurushi zaidi ya 69,000. Mzigo wote huo umebebwa zaidi na mila kuliko mitambo.

Mwanzilishi ni Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Alitangaza mradi wake tarehe 16 Agosti 1993, akaupa jina lililounganishwa kutoka jina lake na la mchumba wake, Debra. Tarehe hiyo huadhimishwa hadi leo. Mwaka 1997 jamii ilipitisha Mkataba wa Kijamii, wenye ahadi kwamba Debian itabaki huria daima na kwamba matatizo yake hayatafichwa. Matoleo hupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story, kwa kuwa Bruce Perens, aliyeshika uongozi baada ya Murdock, alikuwa akifanya kazi Pixar. Jina la Sid, yule mtoto mvunja vinyago, limepewa tawi lisilotulia, ambako kila kitu kipya huingilia.

Mgeni hapokelewi kwa maneno matupu. Kwanza huonekana kwa kazi zake, kisha hutafuta wenyeji wa kumdhamini. Katika mikutano yao utawakuta watu wamepanga mistari miwili, kila mmoja ameshika karatasi yenye herufi na tarakimu 40 zinazotambulisha ufunguo wake wa kidijitali wa umma. Anayekukabili hukuonyesha pasipoti. Unaitazama picha, unamtazama usoni, unalinganisha jina, unaweka alama, kisha unasogea kwa anayefuata. Baadaye kila mmoja hutia sahihi funguo za wale aliowathibitisha. Kwa kawaida, bila sahihi za namna hiyo mtu hakabidhiwi haki ya kuingiza kifurushi katika ghala kuu.

Kiini cha mila zao kimo katika faili ndogo iitwayo control, ambayo kila kifurushi hubeba. Humo mlezi wa kifurushi huandika jina na anwani yake, kisha hutaja vifurushi ambavyo chake hakiwezi kujengwa au kufanya kazi bila hivyo, vile vinavyofaa kuandamana nacho, na vile kisivyopatana navyo. Kuacha kutaja unachokitegemea ni kosa, na kosa hilo halikawii kujulikana. Kifurushi hujengwa upya katika mazingira matupu, yenye zana za msingi na yale tu mlezi aliyoyataja. Hurudiwa hivyo kwa aina mbalimbali za mashine, kuanzia kompyuta za kawaida za amd64 na vifaa vya arm64 hadi mitambo mikubwa ya IBM. Kinachohitajika kujengea kikisahaulika, ujenzi hukwama, na taarifa humrudia mlezi mwenyewe.

Desturi nyingine ni kutumia maktaba moja kwa pamoja. Programu nyingi huja na nakala zao za maktaba kama zlib, inayobana data. Watu wa Debian huziondoa nakala hizo kila inapowezekana, ili wote wachote kisima kimoja: kikichafuka, husafishwa mara moja na kila nyumba hupata maji safi.

Miiko yao imetokana na machungu. Mwaka 2006 mabadiliko yaliyofanywa ndani ya Debian katika maktaba ya usalama ya OpenSSL yalikaribia kuua chanzo cha namba zisizotabirika kinachotumika kutengeneza funguo. Funguo dhaifu ziliendelea kutolewa hadi Mei 2008, tatizo lilipotangazwa hadharani kama mkataba unavyotaka. Funzo lilibaki wazi: unachokibadilisha kipeleke kwa mwandishi wa asili akikague, nawe eleza sababu yake.

Kisha yakaja ya Machi 2024. Mtu aliyejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, huku mtunzaji wa xz, programu ya kubana data, akiwa amechoka, aliingiza humo mlango wa siri. Mlengwa alikuwa SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta za mbali. SSH yenyewe haiitumii xz. Iliunganishwa nayo kupitia maktaba nyingine, utegemezi wa mbali ambao wachache waliufikiria. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua mlango huo kwenye mashine yenye Debian Sid, kwa kuona kwamba kuingia kwa SSH kunachelewa takriban nusu sekunde. Matawi mapya yalikuwa yameshaathirika, ila toleo tulivu lilisalimika, kwa sababu mila inataka kila kitu kisubiri na kujaribiwa kabla ya kufika huko.

Kwa hiyo uchovu wa mlezi ni jambo la jamii nzima. Anayeelemewa hutangaza waziwazi kwamba anatafuta msaidizi au mrithi. Asipopatikana, kifurushi huandikishwa kuwa yatima na kuwekwa chini ya kikundi cha wote hadi ajitokeze wa kukichukua. Mlezi akinyamaza muda mrefu, hujuliwa hali kwanza kwa barua za upole. Anayetaka kurekebisha kifurushi kisicho chake huweka kazi yake kwenye foleni ya kusubiri kwa siku kadhaa, ili mwenyewe apate nafasi ya kuikubali au kuizuia.

Uongozi wao nao ni wa unyenyekevu. Kiongozi huchaguliwa kila mwaka, na katika kura huwapo nafasi ya kusema hakuna anayefaa miongoni mwa wagombea. Katiba yao ya 1998 inasema hakuna anayelazimishwa kufanya kazi yoyote. Kila kitu hutegemea hiari, ndiyo maana heshima ina uzito kuliko amri.

Wengi wetu tunakula matunda ya mila hizi bila kujua, kwani Ubuntu na mfumo wa Raspberry Pi vimejengwa juu ya Debian. Kutumia bila kuuliza anayelea ni nani ni kuukaribisha uchovu uliomkumba mtunzaji wa xz. Kama una mashine ya Debian, sakinisha kifurushi kiitwacho how-can-i-help. Kitakuorodheshea mayatima waliomo ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Chagua mmoja, soma makosa yaliyoripotiwa, rekebisha dogo unaloliweza, ulitume. Hivyo ndivyo walezi wengi walivyoanza, na jamii hii bado inahitaji mikono.