Joho Jeusi, Shati Jeupe: Nani Anaamua Uso Wako Uonekaneje kwenye Picha?

Msimu wa mahafali ukikaribia, ubishi wa hosteli ni uleule. Wapo wanaosema picha ya maana hupigwa na kamera kubwa, kwa hiyo yule jamaa mwenye begi na lenzi ndefu alipwe hela yake. Wapo wanaosema hela ya nini, wakati simu ya rumeti inatoa picha kali kuliko kamera? Mimi napiga picha kidogo kidogo, chuoni na nyumbani Bukoba, na watu wakiniuliza niko upande gani huwa nawarudishia swali jingine: ndani ya hicho kifaa, nani anaamua uso wako uwe mweusi kiasi gani na mbingu iwe bluu kiasi gani? Ukilielewa hilo, ubishi wa simu na kamera utaumaliza mwenyewe, na bumu likiingia utajua pa kulipeleka.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mchukue mhitimu mmoja: shati jeupe, joho jeusi, jua la saa sita. Kitambaa cheupe hurudisha mwanga karibu mara ishirini ya kitambaa cheusi. Sasa nusu ya mwili wake iwe juani, nusu iwe kivulini chini ya mti. Juani kuna mwanga kama mara nane ya kivulini. Zidisha: kati ya shati lililo juani na joho lililo kivulini, tofauti inafika kama mara 160. Wapiga picha wanahesabu tofauti hii kwa stopu. Stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili. Stopu 2 ni mara nne, stopu 3 ni mara nane, stopu 10 ni mara 1,024. Kwa hiyo mhitimu wetu ana stopu 7 na kitu, na hapo bado hatujaweka mawingu meupe nyuma yake.

Kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera huitwa sensa (haihusiani na ile ya Agosti 2022, ingawa nayo kazi yake ni kuhesabu). Ifikirie kama mamilioni ya ndoo zilizopangwa uani wakati wa mvua, na mvua sisi watu wa Bukoba tunaijua. Kila ndoo inakinga mwanga wa sehemu yake. Ndoo ikijaa inamwagika, na ukija kupima huwezi kujua kama mvua iliyonyesha ilikuwa ya ndoo moja au ya tatu. Hapo ndipo shati linapokuwa jeupe tupu, halina mkunjo wala kifungo. Mafundi wanasema picha imeungua. Ndoo iliyopata matone mawili matatu nayo ina shida yake: huwezi kujua ni mvua ya leo au ni maji yaliyobaki jana. Hapo ndipo kwenye giza panapojaa chenga. Nafasi iliyopo kati ya chenga na kuungua ndiyo upana wa mwanga wa kamera. Kamera kubwa nzuri za leo, zenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, hubeba karibu stopu 14. Sensa za simu nyingi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ndoo zake ni sawa na vikombe vya chai, kwa hiyo kwa pigo moja inabeba pungufu.

Ukikaa Bukoba, hesabu hii unakutana nayo kila siku. Mji uko upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, maana yake jua linachomoza kutoka ziwani. Asubuhi ukimsimamisha mtu ufukweni, maji na kisiwa cha Musira nyuma yake, jua linakutazama wewe na uso wake umo kivulini. Ama upate uso na ziwa ligeuke shuka jeupe, ama upate ziwa na mtu ageuke kivuli. Saa kumi jioni jua limeshahamia upande wa mji. Mtu yuleyule, palepale, anapata mwanga usoni. Ukienda Muleba ukampiga bibi picha ndani ya kibanja, ni balaa jingine: chini ya migomba kuna giza, lakini jua linapenya kwenye majani na kumwaga madoa meupe kwenye paji la uso na begani. Binamu yangu wa Bilele anayepiga picha za harusi ana dawa yake moja: anasubiri wingu, likifunika jua anapiga haraka haraka.

Wasio na wingu walitafuta ujanja mwingine zamani sana. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari kwa negativu mbili, moja ya maji na moja ya mawingu, kisha anaziunganisha kwenye karatasi moja. HDR unayoiona kwenye simu yako ni mtoto wa wazo hilo. Kamera inapiga picha kadhaa, moja yenye giza, moja ya kawaida, moja yenye mwanga mwingi, halafu inachukua sehemu nzuri ya kila moja. Pentax K-7 ya mwaka 2009 ilikuwa inafanya hivyo ndani ya kamera yenyewe, na iPhone 4 ikapata HDR Septemba 2010. Shida ilikuwa mtu kutikisika. Mtoto akigeuza kichwa kati ya picha ya kwanza na ya tatu, anatokea na masikio manne.

Mwaka 2013 Google walileta HDR+ kwenye simu ya Nexus 5, na hesabu ikageuka. Simu inapiga picha nyingi za haraka, zote zenye giza kiasi ili shati lisiungue, kisha inazipanga juu ya nyingine na kutafuta wastani. Chenga hazina mpangilio: kwenye picha hii zimeangukia hapa, kwenye ile zimeangukia kule. Ukitafuta wastani zinamezana, uso unabaki. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 9, chenga zinabaki theluthi, picha 16, zinabaki robo. Vikombe vya chai vikikinga mara tisa vinaikaribia ndoo. Ndiyo maana simu ya rumeti inaweza kuibwaga kamera kubwa ya mtu asiyejua kuitumia.

Lakini kukinga mwanga ni nusu ya kazi. Karatasi ya picha inaonyesha kama stopu 6 au 7 tu, na kioo cha simu kilichoko juani nacho hakina uwezo mkubwa. Stopu zote zilizokingwa lazima zibanwe ziingie humo. Fikiria mhadhiri ambaye darasa lake limepata kuanzia alama 4 hadi 98, na anataka wote waingie kati ya 40 na 80. Akiwabana wote kwa kanuni moja, mpangilio unabaki: wa kwanza ni wa kwanza, wa mwisho ni wa mwisho, ila tofauti kati yao zimepungua, na picha inapooza. Sasa asahihishe kila kundi la semina kwa kanuni yake. Kila kundi litapendeza likiwa peke yake, lakini aliyepata 35 kundi A anaweza kumpita aliyepata 50 kundi B. Simu nyingi zinafanya hivyo: mbingu kanuni yake, uso kanuni yake, joho kanuni yake. Ukiona mng'ao wa ajabu kuzunguka kichwa cha mtu, au mbingu nyeusi kuliko ukuta ulio kivulini, ujue makundi yamesahihishwa tofauti kupita kiasi.

Na hapa ndipo penye kesi yetu. Kanuni ya uso imetungwa na mtu, kwa kuangalia nyuso fulani. Enzi za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikijulikana kama kadi za Shirley. Yeye akitokea vizuri, mashine imepimwa vizuri. Mtu mweusi aliyekaa pembeni ya shati jeupe alikuwa anatokea macho na meno. Mambo yamebadilika kiasi. Mwaka 2021 Google walitoa Real Tone kwenye Pixel 6, wakisema wameipima kwa nyuso za rangi nyingi zaidi. Transsion ya China, wenye Tecno, Infinix na itel, wamejijengea soko Afrika kwa sehemu kubwa kwa kutangaza kamera zinazojua ngozi nyeusi.

Ila kujua ngozi nyeusi na kuing'arisha ni vitu viwili. Likizo iliyopita nilimpiga shangazi picha kwa simu, kampuni yake naiacha. Sikugusa chochote, iliamua yenyewe. Ikamtoa laini, mweupe, mashavu hayana hata mstari. Shangazi akaitazama, akacheka: "Mwanangu, huyu si mimi. Huyu ni mdogo wangu aliyeolewa Ulaya." Nikazima urembo, nikagusa uso kwenye kioo, nikashusha mwanga kidogo, nikapiga tena. Ile ya pili ndiyo iliyotundikwa sebuleni.

Tena si suala la urembo tu. Programu inayofuta chenga hufuta pia vitu vyembamba vinavyofanana na chenga. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliacha nyufa kwenye kuta nyingi za Kagera, na ukuta wenye ufa mwembamba kama unywele ukipigwa picha kwenye mwanga hafifu unaweza kutokea mzima. Picha ikiwa ni ushahidi, hilo ni tatizo.

Je, kamera kubwa zinakufa? Kwa hesabu za chama cha watengenezaji wa Japani, CIPA, kamera za dijitali zilizosafirishwa mwaka 2010 zilizidi milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Zilizokufa zaidi ni zile ndogo za mfukoni. Zilizobaki naona zinaelekea njia mbili. Ya kwanza ni kuiga simu, kuunganisha picha nyingi ndani ya kamera. Ya pili ni kuuza uaminifu: Leica M11-P ya mwaka 2023 inaweka ndani ya faili saini ya kidijitali, ili ijulikane picha imetoka kamera gani na imebadilishwa nini. Simu nazo zitaendelea kuamua mengi zaidi kabla hujabonyeza.

Kwa hiyo wanachuo wenzangu, kabla ya mahafali fanyeni haya. Zimeni urembo. Gusa uso kwenye kioo, kisha shusha mwanga mpaka shati lionyeshe mikunjo. Giza unaweza kulipandisha baadaye, kilichoungua hakirudi. Msimamishe mtu karibu na ukuta mweupe au kanga nyeupe imrudishie mwanga usoni. Kama simu ina uwezo wa kuhifadhi faili ghafi la RAW, liwashe, kwa sababu humo maamuzi mengi ya kiwandani hayajafanyika. Na ukimlipa mpiga picha, muulize swali moja kabla ya bei: kaka, uso wangu utauacha na rangi yake? Akisita, tafuta mwingine, hata kama lenzi yake inafika Musira.